"Mapigano Yamezuka": Vyombo vya Habari vya Dola, Ghasia za Umma na Kufichwa kwa Chanzo Chake Nchini Kenya, 1991–2008

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Oktoba 1991, familia zilizokuwa zikiishi katika shamba la Meteitei, eneo la Tinderet, Wilaya ya Nandi, zilishambuliwa na kufukuzwa. Kati ya siku hiyo na mwisho wa mwaka 1993, mashambulizi ya namna hiyo yalienea katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Bonde la Ufa na katika mipaka yake na mikoa ya Nyanza na Magharibi. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na wengine wapatao 300,000 kupoteza makazi yao. Katika taarifa za habari, katika hotuba za viongozi na hatimaye katika vitabu vya historia, matukio haya yalipewa jina moja: mapigano ya kikabila. Jina hilo ndilo kitovu cha insha hii.

Wachunguzi wengi wa vyombo vya habari wamezoea kuuliza kama vyombo vya dola viliripoti ghasia au vilinyamaza. Swali hilo lina uzito wake, lakini halitoshi. Ghasia zinazoua mamia ya watu haziwezi kufichwa kwa muda mrefu. Wanaokimbia hubeba habari zao mgongoni pamoja na watoto wao. Swali zito zaidi ni hili: vyombo hivyo vilipokubali kwamba damu imemwagika, vilieleza nini kuhusu sababu ya kumwagika kwake? Insha hii inadai kwamba nchini Kenya, kati ya mwaka 1991 na 2008, ushawishi wa dola juu ya habari za ghasia ulifanya kazi zaidi katika kueleza chanzo kuliko katika kuficha tukio. Msamiati, sarufi na mpangilio wa habari vilifanya chanzo kionekane kuwa tabia ya kudumu ya makabila. Kwa njia hiyo ardhi, siasa za uchaguzi na mkono wa serikali yenyewe viliondoka machoni pa umma.

Kwa istilahi ya "vyombo vilivyo chini ya ushawishi wa dola" insha inakusudia ngazi tatu: vyombo vilivyomilikiwa na serikali, vile vilivyomilikiwa na chama tawala, na vile vya watu binafsi ambavyo viliendeshwa chini ya hofu ya kunyang'anywa matoleo, matangazo ya biashara au leseni. Ushahidi unatokana na historia ya taasisi hizo na ripoti za uchunguzi zilizotolewa kuhusu ghasia zenyewe. Pamoja na hayo, insha inachambua lugha ya Kiswahili ya habari, kwa kuwa ndiyo iliyowafikia wananchi walio wengi.

2.0 Muundo wa Utangazaji Chini ya Chama Kimoja

Utangazaji wa Kenya ulirithi umbo la serikali ya kikoloni. Shirika la utangazaji lililoundwa mwaka 1961 lilitaifishwa mwaka 1964, likapewa jina la Sauti ya Kenya na kuwekwa ndani ya Wizara ya Habari. Mwaka 1989 liligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Kisheria lilikuwa sasa shirika la umma. Kiutendaji, uteuzi wa wakuu wake na mwelekeo wa habari zake vilibaki mikononi mwa serikali. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hakukuwa na kituo cha redio cha binafsi nchini. Mkulima wa Molo au Burnt Forest aliyetaka kujua kilichotokea katika kijiji cha pili alikuwa na KBC, au mdomo wa jirani.

Chama cha KANU nacho kilikuwa na gazeti lake. Kenya Times lilianza kutoka mwaka 1983, na kando yake Kenya Leo kwa Kiswahili. Kampuni iyo hiyo ndiyo iliyoanzisha kituo cha televisheni cha KTN mwaka 1990. Hivyo basi, nchi ilipoingia katika mjadala wa vyama vingi, dola na chama vilikuwa na redio, televisheni na magazeti katika lugha zote mbili za taifa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni mfereji wa habari kutoka wilayani. Shirika la Habari la Kenya, KNA, lilikuwa idara ya Wizara ya Habari, na wakusanyaji wake walikuwa maafisa wa habari wa wilaya. Afisa huyo alifanya kazi bega kwa bega na Mkuu wa Wilaya, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama na mwakilishi wa Rais. Habari ya shambulio ilianza safari yake katika ofisi ileile iliyokuwa na wajibu wa kulizuia shambulio hilo. Haihitajiki amri kutoka Nairobi ili habari ya namna hiyo iandikwe kwa tahadhari. Mwandishi hakuweza kuuliza kwa nini askari walichelewa bila kumhoji mkubwa wake mwenyewe.

Mpangilio wa taarifa ulikamilisha kazi hiyo. Wasikilizaji wa miaka hiyo wanakumbuka kwamba taarifa ya habari ilifunguliwa na shughuli za Mtukufu Rais, ziwe kubwa au ndogo. Mpangilio huo ulifundisha kwamba tukio hupata maana yake pale kiongozi anapolizungumzia. Ghasia zilifika sikioni mwa wengi zikiwa ndani ya onyo, rambirambi au wito wa utulivu uliotolewa na kiongozi. Mara chache zilifika kama simulizi ya aliyechomewa nyumba.

3.0 Sarufi ya Kutokuwapo kwa Mtenda

Neno "mapigano" linastahili kuchunguzwa kwanza. Limetokana na kitenzi "pigana", chenye kiambishi cha kutendana. Wanaopigana hupigana wao kwa wao: huyu ampiga yule, na yule ampiga huyu. Neno hilo linadai usawa wa pande mbili kabla hata sentensi haijakamilika. Lakini ripoti za uchunguzi wa wakati huo zinaeleza jambo tofauti. Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini Kenya, NCCK, lilitoa ripoti mwaka 1992 ikisema kwamba ghasia zilikuwa zimepangwa. Ripoti ya Human Rights Watch ilieleza vikundi vya washambuliaji waliovaa mavazi ya kufanana, wenye pinde na mishale, waliovamia mashamba na kuondoka. Kulipiza kisasi kulitokea, na mahali pengine kulikuwa kukali. Hata hivyo, katika visa vingi vya mwanzo neno la haki lingekuwa "mashambulizi". Tofauti kati ya maneno haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Shambulio lina mshambuliaji, na mshambuliaji anaweza kutafutwa, kukamatwa na kushtakiwa. Mapigano yana pande, na pande hupatanishwa.

Kitenzi kilichoambatana na neno hilo kilikuwa "kuzuka". Mapigano yalizuka, kama moto wa nyika au kipindupindu. Kiswahili kina utajiri wa kauli zinazoruhusu tukio lisimuliwe bila mtenda, na lugha ya habari huitumia hazina hiyo kwa wingi: nyumba zimeteketea, watu wamepoteza maisha, hali imechafuka, utulivu umerejea. Kila moja ya tungo hizi ni sahihi kisarufi. Zikipangwa pamoja, zinajenga ulimwengu ambamo mambo hutokea na hakuna anayeyatenda. Kauli ya kutendwa, "nyumba zimechomwa", ingalau huacha nafasi ya swali: zimechomwa na nani? Kauli ya kutendeka huziba hata nafasi hiyo.

Ieleweke kwamba si kila mhariri aliyeandika hivyo alikusudia kudanganya. Mwandishi ambaye hana hakika ya mtenda hufanya vyema kutomtaja. Tatizo linajitokeza pale tahadhari hiyo inapokuwa ya upande mmoja. Lugha hiyohiyo ya habari haikuona taabu kutaja watenda walipokuwa wanasiasa wa upinzani: hao "walichochea", "walieneza uvumi", "walipanda mbegu za chuki". Kwa hiyo sarufi ya habari za dola ilikuwa na watenda, bali iliwagawa. Kuua hakukuwa na mwenyewe. Kuchochea kulikuwa naye.

Kivumishi "ya kikabila" kilimaliza kazi hiyo. Kwa kukitumia, habari ilijibu swali la chanzo bila kuuliza. Hata hivyo jibu hilo linayumba linapokabiliwa na ushahidi. Walioshambuliwa katika Bonde la Ufa kati ya mwaka 1991 na 1993 walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii na wengineo. Kama chanzo kingekuwa uhasama wa kurithi kati ya kabila na kabila, ingebidi tueleze kwa nini uhasama na makabila yote hayo, ambayo kila moja lina historia yake na majirani zake, uliamka katika majira mamoja. Kilichowaunganisha walengwa hakikuwa damu yao. Waliishi katika ardhi iliyogombewa, na walidhaniwa kuwa wangewapigia kura wapinzani. Katika siasa za mahali waliitwa "madoadoa", yaani mabaka yanayopaswa kuondolewa ili ngozi iwe ya rangi moja. Neno hilo, ambalo linajitokeza katika ushahidi kuhusu ghasia za Bonde la Ufa, linaeleza nia ya kisiasa kwa uwazi ambao istilahi rasmi haikuufikia kamwe.

4.0 Chanzo Kilichoachwa Nje

Mfuatano wa matukio ya mwaka 1991 unajieleza. Mwezi Septemba mikutano ya hadhara iliitishwa Kapsabet na Kericho, ambako wanasiasa wa KANU walidai mfumo wa majimbo na kuwaonya wasio wenyeji wa Bonde la Ufa. Mwezi Oktoba mashambulizi yalianza Meteitei. Mwezi Novemba wafadhili wa nje walisimamisha misaada mipya wakidai mageuzi. Mwezi Desemba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee cha kisheria tangu mwaka 1982, kilifutwa. Rais Moi alikuwa ameonya kwamba vyama vingi vingeleta mfarakano wa makabila. Mfarakano ulipokuja, vyombo vya dola viliuwasilisha kama uthibitisho wa onyo hilo. Mantiki hiyo ina kasoro moja: mashambulizi yalianza kabla ya vyama vingi kuhalalishwa, na yalianza baada ya mikutano iliyoitishwa na wanachama wa chama tawala. Utabiri na utimilifu wake vilitoka upande mmoja.

Kina cha suala lenyewe kilikuwa ardhi. Wamaasai walipoteza sehemu kubwa ya malisho yao kwa mapatano ya mwaka 1904 na 1911, na jamii nyingine za Bonde la Ufa zilisukumwa pembeni ili kuwapisha walowezi. Walowezi walihitaji vibarua, na familia nyingi za Wakikuyu na wengineo zilihamia mashambani mwao kama maskwota. Uhuru ulipokaribia, mashamba hayo hayakurudishwa kwa walionyang'anywa. Mpango wa Ekari Milioni Moja na, baadaye, makampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba viliifanya ardhi kuwa mali ya yeyote aliyeweza kulipa. Mnunuzi aliyetoa akiba yake yote alijiona mmiliki halali. Jirani aliyekumbuka kwamba babu yake alifukuzwa hapo alijiona mwenye haki isiyosikilizwa. Wote wawili walikuwa na hoja. Waliofaidika zaidi, yaani wenye vyeo waliojipatia mashamba makubwa kwa njia ya upendeleo, hawakuwamo katika ugomvi huo. Ukubwa wa ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulikuja kubainishwa rasmi baadaye, na Tume ya Ndung'u, mwaka 2004.

Hapa ndipo athari ya istilahi "mapigano ya kikabila" inapodhihirika kikamilifu. Iligeuza mgogoro kati ya maskini na maskini, uliozalishwa na sera za ukoloni na za serikali ya uhuru, kuwa mgogoro wa tabia. Kama chanzo ni sera, serikali inawajibika kuirekebisha. Kama chanzo ni kabila, serikali ni mwamuzi anayesimama katikati akisikitika.

5.0 Kufunga Njia: Maeneo ya Usalama na Enoosupukia

Lugha peke yake haikutosha, kwa sababu magazeti ya binafsi na majarida ya uchunguzi yalikuwa yameanza kuandika kuhusu waliopanga ghasia. Matoleo ya majarida kama Finance na Society yalinyakuliwa na wahariri wao kushtakiwa. Mwaka 1993 polisi waliizima mitambo ya kiwanda cha uchapaji cha Fotoform kilichokuwa kikichapisha majarida ya aina hiyo. Mwezi Septemba mwaka huohuo, serikali iliyatangaza maeneo ya Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa ya operesheni za usalama, na watu wa nje, wakiwamo waandishi wa habari, wakazuiwa kuingia. Katika hali hiyo taarifa iliyobaki ilikuwa ya serikali. Udhibiti wa mahali ulikamilisha udhibiti wa maneno.

Kisa cha Enoosupukia, wilayani Narok, kinaonyesha namna nyingine ya kueleza chanzo. Mwezi Oktoba 1993 wakazi wa huko, wengi wao Wakikuyu, walishambuliwa na kufukuzwa. Makadirio ya Human Rights Watch yanataja watu wapatao 30,000. Hoja rasmi iliyotangulia kufukuzwa kwao ilikuwa utunzaji wa vyanzo vya maji: kwamba ukulima wa milimani ulikuwa ukiharibu chemchemi zinazotegemewa na wafugaji wa nyandani. Hoja ya mazingira haikuwa ya kubuni. Misitu ya milima ile ina umuhimu wa kweli. Lakini hifadhi ya maji ina taratibu zake za kisheria, za ilani, fidia na makazi mbadala. Iliposimuliwa kama ufafanuzi wa uvamizi, iliupa uvamizi sura ya sera. Mwezi Desemba 1994, sehemu ya waliokimbilia kambi ya Maela waliondolewa usiku kwa malori na kutupwa katika Mkoa wa Kati, mkoa ambao wengi wao hawakuwa na makazi humo. Istilahi ilikuwa imefika mwisho wa safari yake. Aliyetambuliwa kwanza kwa kabila lake alirudishwa katika "nyumbani" kwa kabila lake, ingawa nyumba yake ilikuwa kwingine.

6.0 Tume, Ripoti na Ukimya

Mtu aweza kudai kwamba dosari za vyombo vya habari zilirekebishwa na uchunguzi rasmi. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, iliundwa mwaka 1992, wakati Bunge lote lilikuwa la KANU. Iliripoti vifo 779 na kuwahusisha baadhi ya viongozi na ghasia. Bunge lilikataa kuipitisha ripoti hiyo. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998 na kukamilisha kazi mwaka 1999; ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi Oktoba 2002, miezi michache kabla ya utawala wa Rais Moi kufikia kikomo. Kwa hiyo, kwa takriban mwongo mzima, maelezo rasmi ya chanzo yaliyokuwa mikononi mwa umma yalikuwa yale ya taarifa ya habari.

Katika muda huo ghasia zilirudi. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, wakaua askari na kuchukua silaha. Walengwa wa mashambulizi yaliyofuata walikuwa "watu wa bara", jina linalokusanya makabila mengi pamoja. Jina la kikabila halikuweza kutosha hapa, ingawa mantiki yake iliendelea: wageni dhidi ya wenyeji. Nyuma ya mantiki hiyo kulikuwa na maskwota wa Pwani wasio na hati katika ardhi ya mababu zao, vijana wasio na kazi kando ya hoteli za kitalii, na hesabu ya kura za wahamiaji. Kila kimojawapo kilistahili kuwa habari kabla ya Agosti 1997. Kisichoripotiwa kama dhuluma huishia kuripotiwa kama ghasia.

7.0 Mwaka 2007–2008: Kinyume Chenye Matokeo Yaleyale

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifanyika katika mazingira mengine kabisa. Vituo vya redio na televisheni vya binafsi vilikuwa vingi, vikiwamo vya lugha za mama. Hata hivyo, katika saa ya maamuzi, muundo wa zamani ulijitokeza tena. Tarehe 30 Desemba, baada ya vurugu katika ukumbi wa kutangazia matokeo, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alisoma matokeo ya urais katika chumba ambamo KBC pekee iliruhusiwa. Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu jioni hiyohiyo. Muda mfupi baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Chombo cha dola kilipewa tangazo; vingine vilipewa ukimya.

Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, na tume iliwahusisha polisi na vifo hivyo. Takwimu hii inavunja simulizi ya "makabila yaliyogeukiana". Zaidi ya theluthi moja ya waliokufa hawakuuawa na jirani mwenye panga. Januari 2008 kamera ya KTN, kituo kilichoanzishwa na KANU na ambacho sasa kilikuwa cha kampuni ya Standard, ilimnasa askari akiwafyatulia risasi waandamanaji huko Kisumu. Mwitikio wa kwanza wa polisi ulikuwa kutilia shaka ukweli wa picha zenyewe. Askari mmoja alishtakiwa baadaye na kuachiliwa huru na mahakama mwaka 2010.

Kwa upande wa vyombo vya binafsi, mwelekeo ulikuwa mpya na wa kuvutia. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makuu yalichapisha kichwa kimoja cha habari, yakisihi nchi iokolewe. Wahariri wengi waliepuka kutaja makabila na wakaandika "jamii fulani". Nia ilikuwa njema, na baada ya kanisa kuchomwa huko Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari, hofu ya kuchochea kisasi ilikuwa ya haki. Lakini matokeo yake kimaelezo yalifanana na yale ya mwaka 1992. Wakati ule kabila lilielezea kila kitu. Sasa halikuelezea chochote, na hakuna maelezo mengine yaliyochukua nafasi yake. Nani alitangazwaje mshindi, nani alifyatua risasi, na ardhi ya nani iligombewa: maswali haya yalifunikwa na wito wa amani. Amani iligeuka kuwa kibali cha kutouliza, na kibali hicho hakikuhitaji kutiwa saini na waziri.

8.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi zito dhidi ya hoja ya insha hii ni kwamba kueleza chanzo kwa uwazi wakati wa ghasia huongeza ghasia. Mfano wa Rwanda mwaka 1994 hautoki akilini: redio ya RTLM haikukosa watenda wala majina, na majina hayo yaliua. Nchini Kenya nako, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ingawa kesi hiyo ilisitishwa mwaka 2016. Je, haikuwa busara kwa vyombo vya habari kusema kidogo?

Jibu linahitaji kutofautisha mambo mawili. Kutaja kabila la muuaji na kutaja chanzo cha mauaji si kitu kimoja. RTLM ilifanya la kwanza ili kuzuia la pili: iliwageuza majirani kuwa chanzo cha kila shida ya taifa, na kuzifanya dhuluma halisi za kiutawala zisionekane. Kwa maana hiyo, uchochezi wa RTLM na utulivu wa taarifa rasmi, licha ya tofauti kubwa mno ya matokeo na hatia, hukutana katika jambo moja: vyote huliweka kabila mahali pa sababu. Uandishi unaoeleza jinsi shamba lilivyouzwa, nani aliitisha mkutano, na askari walikuwa wapi hauchochei kisasi dhidi ya jirani. Unamwonyesha jirani kwamba adui yake huenda hakuishi upande wa pili wa ua.

Pingamizi la pili ni kwamba ukabila ulikuwa wa kweli, wala haukubuniwa na watangazaji. Ni kweli. Watu waliuana wakitambuana kwa lugha na majina. Lakini utambulisho ulikuwa njia ya kumchagua mwathiriwa; haukuwa sababu ya kutafutwa kwa mwathiriwa. Panga huchagua shingo kwa jina, lakini halijinoi lenyewe.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba udhibiti wa habari za ghasia nchini Kenya ulipitia njia tatu: mfereji wa habari uliopita katika ofisi za utawala wa wilaya, sarufi iliyoondoa mtenda katika kuua na kumbakiza katika kuchochea, na kivumishi kilichofanya kabila kuwa chanzo. Njia hizi hazikuondoka na chama kimoja. Baadhi zilirithiwa na vyombo vya binafsi, ambavyo mwaka 2008 viliacha neno "kabila" bila kurejesha maswali ambayo neno hilo lilikuwa limeyafunika.

Athari zake hazikuishia katika kumbukumbu. Aliyeitwa "mwathiriwa wa mapigano" miaka ya 1990 hakuwa na mdai wa kumshtaki, kwa kuwa mapigano hayana mshtakiwa. Wala hakuwa na haki ya makazi, kwa kuwa alidhaniwa kuwa na kwao. Ilichukua hadi mwaka 2012 kwa Kenya kupitisha sheria inayowatambua na kuwalinda wakimbizi wa ndani. Wengi waliofukuzwa Meteitei, Olenguruone na Enoosupukia walikuwa wameishi zaidi ya miaka kumi na minane bila jina la kisheria la hali yao.

Kwa watafiti, hili lina maana ya kimbinu. Kumbukumbu za KBC na za magazeti ya chama zisisomwe kwa kutafuta uongo peke yake, kwa sababu sentensi nyingi humo ni za kweli. Zisomwe kwa kuuliza kila kitenzi mtenda wake yuko wapi. Nyumba za Molo ziliteketea, na kila moja ilikuwa na aliyeitia moto, aliyemtuma na aliyejua wakati ungalipo wa kuzuia. Historia ya ghasia hizo itakuwa imeanza kuandikwa pale watu hao watatu watakaporejeshwa ndani ya sentensi.